Mali ya Wengi, Jina la Mmoja



Katika Kasenga yetu si vigumu kuanzisha kikundi. Siku ya Jumapili, misa ikiisha, watu kumi wanabaki chini ya mwembe, wanachagua mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina, na kabla jua halijazama likelemba imekwisha kupata jina. Ugumu uko mbele: kikundi hicho kitambuliwe kuwa kitu chenyewe, kinachoweza kumiliki mali, kudai na kudaiwa, hata waanzilishi wake wakihama au wakifa. Wanasheria huliita jambo hilo nafsi ya kisheria. Neno ni zito, lakini anayekaa kando ya mto anaweza kulielewa upesi.

Tulifahamu kikundi kimoja cha wavuvi wa Luapula. Kwa miaka mitatu walichanga kila siku ya soko, hata wakanunua injini ya boti, ili samaki wafike pwani wangali wabichi na kupakiwa katika magari ya Lubumbashi. Risiti iliandikwa kwa jina la mwenyekiti, kwa kuwa hapakuwa na jina lingine la kuandika. Naye alikuwa mtu mwaminifu. Hatukumsikia yeyote akimlaumu. Alipofariki, jamaa zake walikuja matangani, wakahesabu mali ya marehemu, na injini ilikuwamo. Wavuvi walileta daftari lao la michango. Waliulizwa: karatasi ya injini ina jina la nani? Basi, injini ikaenda na warithi. Wengine kijijini walisema ni wizi. Sisi hatuthubutu kusema hivyo, maana warithi walisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilikuwa jina la ndugu yao.

Siku hizi hatari hiyohiyo imehamia ndani ya simu. Fedha za kikundi zinawekwa katika M-Pesa au Airtel Money, na laini ya simu imeandikishwa kwa jina la mtu mmoja. Simu ikipotea, au mwenyewe akiugua, wanachama ishirini wanabaki wakitazamana.

Huenda mkauliza kwa nini wazee wetu hawakulitengeneza jambo hili mapema. Ni lazima mjue nchi hii ilivyopita. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku vyama vya vijana vya makanisa. Kijana alitakiwa kuwa katika JMPR, tawi la vijana la chama tawala. Katiba ya mwaka 1974 ilikwenda mbali zaidi: kila Mzairwa alihesabiwa kuwa mwanachama wa MPR, apende asipende. Sisi tulio katika miaka ya hamsini tulikuwa watoto wakati huo, tukaandikwa katika chama hata kabla ya kujua kuandika. Watu waliokua namna hiyo hujifunza kwamba kujiandikisha ni kujisalimisha. Ilipofika tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, vyama vilichipuka kama uyoga baada ya mvua, lakini woga wa karatasi haukuondoka siku hiyo. Bado tunaukuta vijijini.

Hata hivyo sheria tuliyo nayo leo si adui. Ni Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayohusu mashirika yasiyotafuta faida. Inataka wanachama kamili wasiopungua 7. Inataka katiba ya shirika iliyothibitishwa na notari, orodha ya wanachama, majina ya viongozi, cheti cha mwenendo mwema, na maelezo ya mahali fedha zitakapotoka. Ombi linapelekwa kwa Waziri wa Sheria, na waziri anayehusika na kazi ya shirika (kilimo, elimu, afya) anatoa maoni yake. Maoni hayo yakiwa mazuri, yanakuwa idhini ya muda wa miezi 6. Sasa sikilizeni vizuri: miezi hiyo 6 ikipita bila jibu, nafsi ya kisheria inahesabiwa kuwa imetolewa, na waziri anapaswa kutoa amri yake ndani ya mwezi unaofuata. Yaani ukimya wa serikali unahesabiwa kuwa ndiyo. Tumekutana na viongozi wengi wa vikundi wasiojua kifungu hiki, wanaokwenda kuomba kama fadhila kile ambacho sheria imekwisha kuwapa.

Uzuri wa sheria lakini haufupishi safari. Kutoka Kasenga hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 200, na barabara hiyo mnaijua wakati wa masika. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa, wanakokaa mawaziri wote wawili, ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya ndege. Kikundi cha akina mama wanaolima mihogo kitamtuma nani? Mara nyingi wanampa mtu anayesema anafahamiana na watu wa ofisi. Huyo anataka nauli, kisha anataka “ya kuharakisha”, na risiti haionekani. Bei ya karatasi inapita bei ya mradi. Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye kazi ya kuwaomba wabunge wetu: mlango wa sheria usogezwe hadi makao ya teritwari, na ada ibandikwe ukutani ili kila mtu aisome. Katika waraka wake wa mwaka 1891, Papa Leo XIII alifundisha kwamba kuungana ni haki ya maumbile ya mwanadamu, na serikali ipo kuilinda haki hiyo. Haki inayolindwa umbali wa kilomita 1,500 inalindwa kwa shida.

Wala tusidhani kwamba sheria ikiandikwa vizuri inatosha. Nchini Kenya, sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma ilitiwa sahihi Januari 2013. Ilianza kutumika Mei 2024. Miaka 11 ililala, na mashirika yakaendelea kuishi chini ya sheria ya zamani.

Tuje kwenye fedha. Kifungu cha 37 cha Katiba yetu ya mwaka 2006 kinasema kwamba serikali inashirikiana na vyama vinavyosaidia maendeleo ya watu na elimu ya raia, na kwamba ushirikiano huo unaweza kuwa kwa njia ya ruzuku. Sisi tuliofundishwa ualimu tumesahihisha madaftari mengi ya wanafunzi waliochanganya “anaweza” na “anapaswa”. Hapa Katiba imesema “unaweza”. Mnaosubiri ruzuku, shikeni neno hilo.

Wengine husubiri wafadhili wa mbali. Januari 2025 amri moja iliyotiwa sahihi Washington ilisimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika la USAID likaacha kuendesha misaada. Kazi nyingi katika Kongo zilikatika katikati. Hatusemi msaada ni mbaya. Tunasema kikundi chenye chemchemi moja ya fedha, nayo iko ng’ambo ya bahari, hakina neno kuhusu kesho yake.

Kuna pia mambo mapya ambayo mweka hazina anapaswa kuyajua. Tangu Oktoba 2022 Kongo imo katika orodha ya nchi zinazochunguzwa zaidi na GAFI kuhusu fedha haramu, kwa hiyo msishangae benki ikiwauliza fedha zimetoka wapi na nani anatia sahihi. Na tangu tarehe 1 Januari 2024, katika nchi za OHADA, ambamo Kongo imo tangu mwaka 2012, mashirika yasiyotafuta faida yana mfumo wao wa kuandika hesabu. Walio wadogo kabisa wanaruhusiwa njia nyepesi ya kuandika kilichoingia na kilichotoka. Daftari lile la wavuvi lilikuwa karibu nayo.

Tena, si kila kikundi kinafaa kuwa shirika lisilotafuta faida. Wanaotaka kuuza samaki na kugawana mapato wasidanganye sheria kwa kujiita wafadhili wa maskini. OHADA ina sheria ya koperativa tangu Desemba 2010. Watu 5 wanatosha kuanzisha koperativa ndogo, na mapato yanaweza kugawanywa kwa utaratibu uliowekwa. Kama wavuvi wetu wangaliandikisha koperativa, injini ingaliandikwa kwa jina la koperativa, na jamaa za marehemu wangalirithi fungu lake tu.

Mwaka huu kikundi cha vijana tunachokisindikiza kimeandika katiba yake, kurasa nne kwa mkono. Kina kinu kidogo cha kusaga mahindi kilichonunuliwa kwa michango yao wenyewe. Sahihi 6 zimepatikana. Ya saba ni ya msichana mwenye kutunza daftari, ambaye baba yake anaogopa kwamba jina likifika ofisini watoza kodi watafika nyumbani. Tumekwenda kumwona mzee huyo mara mbili. Mara ya pili aliomba tumwachie nakala ya katiba, ili mjukuu wake amsomee jioni.