Kutua Nyasa kwa Macho: Safari ya Chiwanda Inayoanzia Sebuleni

Wikiendi hamna mpango na mfuko umetoboka? Kuna safari ya kwenda ziwani ambayo haidai nauli. Ila jiandae, maana inaweza kukufikisha kweli.

Wapo wanandoa wanaoimaliza Jumamosi mbele ya tamthilia, na wapo wanaoimaliza wakigombea rimoti. Kwetu sisi, Jumamosi jioni ni muda wa kuruka. Kompyuta mezani, joistiki mkononi, chai ya tangawizi pembeni, na kioo cha ndege ndogo aina ya Cessna 172 kikituonyesha milima ya Umatengo. Nyuma ya milima ndiko liliko Ziwa Nyasa, na kando ya ziwa ndiko iliko Chiwanda.

Kama hupajui, Chiwanda ni kata mkoani Ruvuma, kusini mwa Mbamba Bay, jirani na mpaka wa Msumbiji. Zamani ilihesabiwa Wilaya ya Mbinga, hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Ndiko kwao mke wangu.

Na hapo ndipo penye stori. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, asubuhi yenye hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Nchi nzima ilitazama picha za wavuvi na waokoaji wakivuta kamba. Tangu siku hiyo mwenzangu akasema basi, ndege hapandi tena. Kila likizo ikawa mabasi: Dar hadi Songea zaidi ya kilomita 900, kisha Mbinga, kisha kuteremka ziwani. Likizo ya wiki moja, nusu yake inaliwa na barabara, na mama mkwe anazidi kuzeeka. Sikumlazimisha. Hofu haiondolewi kwa mabishano. Tulichofanya ni kujifunza, pamoja, ndege inatuaje.

Kioo ndicho mwalimu

Mashine za kujifunzia urubani ukiwa chini si jambo la jana. Mmarekani Edwin Link alitengeneza ya kwake mwaka 1929, akitumia mifuko ya hewa ya vinanda, maana familia yake ilikuwa na kiwanda cha vinanda. Leo programu ya kompyuta inakupa dunia nzima iliyojengwa kwa picha za setilaiti, Ruvuma ikiwemo.

Kuna kutua kwa kufuata vyombo, na kuna kutua kwa macho: unatazama nje, unapima, unaamua. Siri ya kwanza ni rahisi ajabu. Chagua alama moja mwanzoni mwa njia ya kurukia, uikazie macho. Ikipanda juu kwenye kioo, utaishia kabla ya kufika. Ikishuka chini, utaipita. Ikitulia palepale huku inazidi kukua, ndipo unapokwenda. Mteremko wa kawaida ni nyuzi tatu, yaani kama futi 300 kwa kila maili moja ya baharini, na Cessna yetu huja kwa noti 65, kama kilomita 120 kwa saa. Viwanja vingi vina taa nne kando ya njia: mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa, zote nyeupe, uko juu mno, zote nyekundu, uko chini mno, ongeza moto haraka.

Jicho nalo hudanganya

Kutoka Songea hadi Chiwanda, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita mia na kidogo; nusu saa tu angani. Uwanja wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, kwa hiyo hata kipimo cha mwendo kikisoma sawasawa na Dar, ndege inapita ardhini kwa kasi zaidi na inahitaji njia ndefu zaidi kusimama. Ukivuka Umatengo, ardhi inakukimbia ghafla: ziwa liko kwenye mita 475 hivi.

Chiwanda haina uwanja wa ndege, na ndiyo maana inafaa kwa somo. Hakuna taa wala mistari ya rangi. Tunashuka sambamba na ufukwe, tunapima urefu kwa macho kwa kutazama mapaa, miti na mchanga, kisha tunapaa na kurudi kutua Songea.

Hapo ndipo tulipoelewa maji yanavyoweza kumhadaa mtu. Ziwa likitulia kama kioo, jicho halina cha kushika. Futi 50 na futi 200 zinafanana. Ndiyo sababu marubani wa ndege za majini hufundishwa kushuka karibu na ufukwe, ili nchi kavu iwape kipimo. Mwezi wa nane hadi wa kumi, moshi wa majani yanayochomwa hutanda, ziwa na mbingu vikawa kitu kimoja. Na si maji tu. Njia nyembamba humfanya rubani adhani yuko juu kuliko alivyo, akashuka mapema. Njia inayopanda mlima nayo hufanya vivyo hivyo.

Mmoja anarusha, mmoja anatazama

Hili ndilo lililotugusa kama wanandoa. Kwenye ndege za abiria, rubani mmoja anarusha na mwenzake anafuatilia: mwendo, urefu, magurudumu. Mashirika mengi yana kanuni kwamba ndege ikiwa haijatulia ifikapo futi 500 juu ya uwanja katika hali ya kuona vizuri, hakuna kujadiliana, mnapaa tena. Na hata rubani mdogo ana haki ya kutamka neno hilo kwa mkubwa wake, bila mtu kununa.

Tukaichukua ilivyo. Nikirusha mimi, yeye anasoma namba. Akisema "Paa!", napaa. Mwanzoni mwanaume ndani yangu alikuwa anawaka, bana, lakini kanuni ni kanuni. Mke wangu naye akagundua kitu ambacho hakuna takwimu ingemwambia: kutua si kamari ya sekunde ya mwisho. Ni maamuzi madogo mengi, na karibu kila moja lina mlango wa kutokea. Kupaa tena siyo kushindwa.

Baada ya miezi kadhaa aliniambia mwenyewe nikate tiketi mbili za Songea. Alikaa dirishani. Mkono wangu aliufinya hadi ukafa ganzi, lakini macho hakufumba. Flapi zilipoteremka alizitaja. Magurudumu yalipogonga lami alisema neno moja tu: "Tumetulia."

Chiwanda ambayo kompyuta haiijui

Kutoka Songea ni lami hadi Mbinga, katikati ya mashamba ya kahawa na ngoro, vile vishimo vya kilimo ambavyo Wamatengo wanazuia navyo mmomonyoko milimani. Kisha kilomita 66 hivi hadi Mbamba Bay, kona juu ya kona, mpaka ziwa linapojitokeza chini yako.

Kwenye kompyuta, nyumba za Chiwanda zimepangwa na programu inayobahatisha kutoka kwenye picha. Haijui harufu ya usipa kwenye vichanja, wala ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, wala kina mama wakicheza kioda. Haijui kwamba upepo wa mwera ukivuma, mitumbwi inabaki nchi kavu na watu wanapata muda wa kukaa na wageni. Tulikaa siku tano nzima. Zamani zingekuwa tatu, tena za uchovu.

Ukitaka kujaribu

Google Earth Pro ina sehemu ya kuruka, na FlightGear ni programu kamili. Zote ni bure. Microsoft Flight Simulator inapendeza zaidi ila inadai kompyuta yenye nguvu na intaneti nzuri. Joistiki ya kawaida inatosha. Anza asubuhi tulivu, bila upepo, na ndege ndogo.

Ila usijidanganye: kompyuta haikupi ule mtikisiko wa kiti, na leseni ya rubani binafsi kwa kawaida inaanzia saa 40 za kuruka kweli. Wala hofu ya mwenzako usiigeuze utani. Kama anaogopa, mpe usukani, wewe soma namba. Na akisema "Paa!", paa.