Madumu Mawili ya Ziada

Mjomba wangu wa Kisarawe alikuwa na sheria moja tu: madumu kumi, basi. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Kumi ni kilo 200, na hapo hujauhesabu mkokoteni wenyewe. Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 14, nimetoka kwetu Kibaha kwenda kula likizo kwake. Kazi yangu ilikuwa kumswaga punda kutoka bombani hadi kwa mama ntilie na mafundi ujenzi. Siku hiyo kulikuwa na mechi. Nikapakia kumi na mawili ili nipunguze safari.

Kwenye mteremko gurudumu likaingia shimoni, mkokoteni ukamsukuma punda kwa nyuma, mguu wake wa mbele ukanasa mtaroni. Mlio ule, ndugu msomaji, ulikuwa kama wa mtu anayevunja muhogo mkavu.

Jioni bwana mifugo alikuja, akaupapasa mguu, akatikisa kichwa. Nikauliza kwa nini asifungwe plasta kama mtu.

"Mwanangu," Mjomba akasema, "punda utamwambia alale miezi mitatu?"

Tulimzika nyuma ya mikorosho. Nikasema shimo ndilo lililomponza. Hakuna aliyenibishia.

Mwaka 2021 zamu yangu ikafika. Bodaboda ilinitupa Maili Moja, Kibaha, mfupa wa muundi ukachungulia nje ya ngozi. Nilipozinduka wodini nilikuta pini nne zimepenya nyama hadi mfupani, nje zimeunganishwa kwa fimbo ya chuma. "Chuma hakiponyi," daktari akaniambia. "Kinashikilia tu. Anayepona ni mfupa, nawe usimbebeshe mzigo kabla ya wakati."

Mgonjwa wa mguu ana nini zaidi ya simu? Nikaanza kusoma habari za vyuma vile, na huko nikakutana na farasi. Watafiti huchukua mfupa wa mguu wa farasi aliyekufa, wakaukata, wakaushika kwa pini, kisha wakauweka kwenye mashine inayoukandamiza kutoka juu. Huukandamiza maelfu ya mara, kama vile mnyama anatembea, halafu huongeza mzigo mpaka kitu kishindwe. Wanavunja makusudi, bwana, ili wajue! Mara pini hupinda. Mara mfupa hupasuka palepale penye tundu la pini. Pini ukiifanya nene mara mbili, ugumu wake wa kutopinda huongezeka mara 16. Lakini tundu nalo hukua, na mfupa wenye tundu kubwa ni dhaifu. Ukipata huku, unapoteza kule.

Taabu yote hiyo ya nini? Farasi wa kilo 500 hawezi kulazwa kitandani. Akizinduka tu kwenye dawa ya usingizi, anasimama. Akiuegemea mguu mzima kwa muda mrefu, kwato la upande huo huharibika. Barbaro, farasi aliyeshinda mbio za Kentucky Derby kule Marekani mwaka 2006, alivunjika mguu wa nyuma mwezi uleule. Alifanyiwa upasuaji na mabingwa, akauguzwa miezi minane. Januari 2007 ikabidi auawe, kwa sababu ya maradhi ya kwato.

Basi Mjomba alikuwa sahihi: punda wetu hakuwa na dawa. Ungedhani hilo lilinipa nafuu. Wapi! Lilininyang'anya kisingizio. Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba lau tungekuwa na hospitali, na vyuma, na pesa, angepona. Kumbe mahali pa kumwokoa palikuwa bombani, wakati wa kupakia. Kila mguu una kilo zake. Kule Ulaya na Marekani huzitafuta kwa mashine; Mjomba alizijua kwa miaka ya kutembea nyuma ya punda, akanipa hesabu mdomoni. Mimi nikaona anabana.

Vyuma vilipotolewa nilipanda daladala na gongo langu mpaka Kisarawe. Nilimkuta Mjomba barazani. Nilimwamkia, nikakaa, nikashindwa kuanza. Mwishowe nikasema, "Mjomba, siku ile yalikuwa kumi na mawili."

Aliuangalia mguu wangu, makovu manne.

"Najua," akasema. "Nani aliyeyaokota madumu?"

Kisha akamwita shangazi alete chai.