Fundi Naye Apewe Nafasi Mezani

Huenda wengi wenu hamjapata kuuona mchezo ninaotaka kuuandika leo. Hauchezwi uwanjani, wala hauna kete kama bao. Watu wanne au watano huketi kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi: yeye hueleza habari za nchi ya kubuni, yenye milima, majoka na ngome za kale. Kila mwingine hujifanya mtu mmoja wa nchi hiyo, akasema atendalo: "Napanda ukuta," au "Napigana na joka." Kufaulu kwake huamuliwa na dadu yenye pande 20, pamoja na nambari za uwezo wake alizoziandika katika karatasi. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuenea ulikuwa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson.

Sisi twaucheza hapa chini ya Mlima Meru, mimi na vijana, Jumamosi jioni baada ya kazi za shamba. Wazazi wengine waliniuliza kama si mambo ya mapepo. Swali hilo si geni. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi Wakristo wa Marekani waliliuliza vivyo hivyo. Mimi huwaalika waketi wasikilize. Hadithi za bibi zetu nazo zina mazimwi, wala hatujamwona mtoto aliyegeuka zimwi kwa kuzisikiliza.

Lakini neno langu la leo ni juu ya fundi. Katika vitabu vya mchezo huu, mapigano yameandikiwa kurasa nyingi, na kazi ya kuunda vitu imeandikiwa kidogo sana. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 chasema kwamba fundi huunda vitu vya thamani ya vipande 5 vya dhahabu kwa siku, naye hutoa nusu ya bei kwa ajili ya vifaa. Vazi kamili la chuma la vita bei yake ni vipande 1,500. Pigeni hesabu: siku 300! Nani atangoja siku 300 na joka liko mlangoni? Ndiyo maana vijana wote huchagua upanga, wala hakuna achaguaye nyundo.

Jambo hili si la mchezo tu. Kwa Wamasai, wahunzi huitwa ilkunono. Tangu zamani waliwafulia wapiganaji mikuki na sime, lakini watu wengine hawakutaka kuoana nao. Mkuki ulisifiwa, aliyeufua akadharauliwa. Kwingine haikuwa hivyo. Kule Ugweno, katika milima ya Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na hapo kale ndio ulioshika utawala. Basi twaona kwamba dharau hiyo imetungwa na watu, na watu waweza kutunga jambo jingine lililo bora.

Nasi tukatunga sheria zetu. Kwanza, fundi hahesabu siku, bali hatua. Mhunzi ana hatua tatu: kuchagua chuma na makaa, kufua juu ya fuawe, na kuzima. Katika kila hatua hutupa dadu na kuongeza uwezo wake; akipata 12 au zaidi, amefaulu. Akifaulu zote, kitu ni safi. Akikosa moja, kitu chatumika, lakini kina kasoro, na kasoro hiyo yajulikana na fundi peke yake. Akikosa mbili au zote, kitu kimeharibika, ila chuma chabaki.

Pili, kila akosapo, fundi huandika alama moja ya funzo. Alama tano humwongezea uwezo kwa moja. Nani kati yetu amejifunza kazi ya mikono bila kuharibu?

Tatu, mwenzake akikubali kuvuta mvukuto, fundi hutupa dadu mara mbili na kushika nambari iliyo kubwa. Kwa sheria hii hata shujaa mwenye kujivuna hulazimika kushika kazi ya mwanafunzi.

Nne ni uwezo tuuitao "jicho la fundi". Akikuta kitu kilichovunjika, aweza kumwuliza msimulizi swali moja, naye sharti ajibiwe kweli: Kimeundwa wapi? Kimevunjwa na nini? Chatengenezekaje? Mara nyingi jibu hilo hufungua hadithi kuliko panga kumi.

Hapana budi pia kuweka mpaka. Fundi akiweza kuunda na kuuza kila usiku, atakuwa tajiri upesi na safari itakufa. Kwa hiyo kitu kilichofuliwa njiani ni cha kutumia wao wenyewe, si cha kuuza.

Sheria ya kuzima ilitoka kwa kijana mmoja wetu, mpole, asiyesema sana. Sisi tulitaka chuma chekundu kitiwe majini, basi, kazi imekwisha. Yeye akasema: "Kikiachwa hivyo huwa kigumu, lakini chavunjika kama kigae. Sharti kirudishwe motoni kidogo." Tulipomwuliza amejuaje, alinyamaza, kisha akasema baba yake hufua visu na mapanga kwa springi za magari mabovu. Alikuwa amekaa nasi miezi mingi bila kulitaja jambo hilo, maana wenzake walikuwa wakisema kazi ya masizi ni ya walioshindwa shule. Jumamosi iliyofuata walimwomba awapeleke wakaone. Yule mzee aliwapa zamu ya mvukuto, kila mmoja, hadi mikono ikawauma.

Sasa wametunga na fundi wa viatu, kwa kuwatazama wakata makatambuga wa Arusha mjini. Avaaye viatu vyake hachoki upesi njiani. Anayefuata ni mfuga nyuki.

Ndugu msomaji, mchezo huu hauhitaji fedha nyingi. Usipopata dadu ya pande 20, andika nambari 1 hadi 20 katika vipande vya karatasi, uvitie katika kopo, uchote kimoja na kukirudisha. Kabla ya kuandika sheria ya fundi yeyote, watume watoto wakamtafute fundi huyo kijijini, wamsalimu kwa adabu, wamwulize mambo mawili: kazi yake ina hatua ngapi, na ni hatua ipi ambayo wanafunzi huharibu zaidi. Majibu yake ndiyo sheria. Yaandikeni kama alivyoyasema.