Mama, hicho si kitunguu (Simulizi za Nesi, sehemu ya 23)

Wiki hii mmenitumia ujumbe mwingi kuhusu yale maua ya njano yaliyojaa kila kona hapa Uingereza, dafodili. Wengine mnataka kuyapanda, wengine mmesikia yana sumu. Jibu langu: yapande, na sumu yanayo.

Mimi ninayo mbele ya nyumba, mwaka wa sita sasa. Hayana kazi. Septemba au Oktoba unachimba shimo, kina kama mara tatu ya urefu wa tunguu, unaliweka ncha ikiangalia juu, unafukia, unasahau. Baridi yote limelala, Machi linatoka lenyewe. Maua yakiisha usikate majani upesi. Yaache wiki sita hivi, maana ndiyo yanayolisha tunguu kwa ajili ya mwakani. Na kuchakuro, ambao kwangu wamefukua matunguu yote ya tulipu, haya hawayagusi. Wanyama wana akili bwana.

Sumu yenyewe inaitwa laikorini. Imo kwenye mmea mzima ila zaidi tunguuni. Ukila, tumbo linakataa haraka: unatapika, linasokota, unahara. Kuna pia vifuwele vidogo kama sindano vinavyochoma mdomo na koo. Hata wachumaji wa maua kule Cornwall hutokwa vipele mikononi kwa sababu ya utomvu. Lakini nisiwatishe bure. Mtu mzima kwa kawaida anateseka saa chache, anapona. Ninaowahofia ni watoto wadogo na wazee, maana wao kuishiwa maji mwilini si mchezo.

Sasa utauliza, nani ale maua? Mwaka 2009 huko Suffolk, watoto wa shule ya msingi walipika supu darasani, tunguu la dafodili likachanganyika na vitunguu, wakaishia hospitali. Mwaka 2012 Bristol, watu walipika dafodili wakidhani ni mboga ya Kichina inayofanana na vitunguu majani. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza ikayaandikia maduka makubwa: msiyaweke maua haya karibu na mboga.

Watu walicheka sana habari ile. Mimi nilimfikiria mama yangu.

Mnajua mama zetu wanavyokuja kutusaidia uzazi. Mwanamke aliyelea watoto watano kwa mchicha na matembele ya nyuma ya nyumba, leo yuko peke yake jikoni kwako, wewe uko zamu. Lebo ya Kiingereza haisomi. Anaona kifungu cha majani mabichi kimefungwa kwa mpira, ua bado halijafunguka. Unategemea afanye nini? Ujuzi ule ndio uliotukuza, umefika tu kwenye udongo usioujua.

Kwa hiyo wangu alipokuja nilimtembeza bustanini siku ya kwanza. Nikavunja jani, nikamwambia, “Nusa mama, halinuki kitunguu.” Akanusa. “Sasa mwanangu, kitu hakiliwi unakipandia nini?” Sikuwa na jibu la maana.

Matunguu yasiyopandwa msiyaweke jikoni, hata kwa siku moja. Maji ya chombo cha maua nayo yana sumu, yaweke mbali na mtoto. Mtu akila, mtoe mabaki mdomoni, asukutue. Usimlazimishe kutapika, na yale maziwa yetu ya “kukata sumu” usimpe kabla hujashauriwa. Piga 111. Akizimia, akipata degedege au akishindwa kupumua, 999. Ukienda hospitali beba na kipande cha mmea.

La mwisho, maana najua litaulizwa. Ni kweli, dafodili zina galantamini, dawa tunayowapa baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer, na kuna wakulima milimani Wales wanaozipanda kwa kazi hiyo. Lakini ile inachujwa na kupimwa kwa miligramu, na hata hivyo wagonjwa wengi hulalamikia kichefuchefu. Ukikutana na ujumbe wa kusambazwa unaosema umchemshie bibi tunguu ili kumbukumbu irudi, ufute hapo hapo, tena umwambie aliyekutumia.

Nina zamu tatu za usiku. Maswali nitajibu Alhamisi.