Mvua ya Timboroa na lori lililogoma

Ukitoka Nakuru kuelekea Eldoret, barabara hupanda bila huruma. Utaipita Salgaa, utaipita njia panda ya Mau Summit ambako waendao Kericho na Kisumu hushika mkono wa kushoto, kisha utaanza kuhisi masikio yakiziba na vidole vikifa ganzi. Hapo ujue umekaribia Timboroa. Stesheni ya reli ya mji huo ilijengwa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na mstari wa Ikweta unapita jirani tu. Mgeni aliyefundishwa darasani kwamba Ikweta ni joto atajuta kuacha sweta nyumbani.

Viazi, kabeji, karoti na kondoo ndiyo mali ya huko. Na mvua.

Nilifika Timboroa Aprili 2024, mwaka ule wa mafuriko, kutafuta habari za wakulima wa viazi. Nilikubaliwa kurudi Nakuru ndani ya lori kuukuu lililopakia magunia 160 yaliyokuwa yakienda Marikiti, Nairobi. Lilikuwa limelala kando ya barabara usiku kucha likinyeshewa. Alfajiri dereva alipiga stata. Likanguruma, likakohoa mara tatu, likafuka moshi mweupe, likazima. Akapiga tena. Kimya.

Mwenye shehena, mama mmoja wa makamo, alikuwa amesimama chini ya mwavuli akitazama turubai lililofunika magunia yake. Viazi vilivyoloa na kufunikwa havina subira. Baada ya siku chache huanza kunuka. Fedha za kuvinunua alikuwa amezikopa kutoka kwa chama cha akina mama wenzake.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kijana mmoja alitokea na mfuko wa spana, akatia sikio kidogo, akatangaza kwamba pampu ya dizeli imekufa. Ingefunguliwa, ipelekwe Eldoret, na gharama ilikuwa Sh35,000. Dereva aliishiwa nguvu. Alijua tajiri wake angezikata fedha hizo kwenye mshahara. Taniboi ndiye aliyekumbuka kwamba nyuma ya soko kulikuwa na fundi mzee, akakimbia kumwita.

Mzee alifika na gambuti zake, bila haraka na bila spana mkononi. Aliuliza maswali tu. “Kijana wangu, mafuta ulitia wapi? Jana jioni tangi lilikuwa na kiasi gani? Moshi ulikuwa wa rangi gani, na ulinukaje?”

Huenda nawe unajiuliza, kama nilivyojiuliza mimi, moshi unahusu nini. Injini ya dizeli haina plagi za kurusha cheche kama ile ya petroli. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mjini Augsburg mwaka 1897, aliitegemea hewa: inabanwa ndani ya silinda hadi inakuwa na joto kali, kisha nozo inanyunyiza mafuta nayo yanawaka yenyewe. Kwa hiyo mvua haiwezi kuzima cheche isiyokuwepo. Ikitaka kuliangusha lori la aina hii, sharti iingie kwa mlango mwingine.

Moshi mweusi, mzee alinieleza, ni wa injini inayokosa hewa. Chujio la hewa ni la karatasi, nayo karatasi ikiloa haipitishi kitu. (Hewa yenyewe huko juu ni haba, pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na ya Mombasa.) Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukipiga stata na moshi usitoke kabisa, basi dizeli haifiki kwenye silinda. Mweupe una mambo mawili: ukipotea upesi angani ni mvuke wa maji, ukichoma macho ni dizeli iliyopita bila kuungua. Dereva alikiri kwamba macho yalikuwa yamemchoma.

Hapo mzee alitoa onyo ambalo yafaa ulikumbuke. Lori likivuka mto uliofurika likazima katikati, usiendelee kupiga stata. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa. Kinachopinda ni chuma.

Lakini lori letu halikuvuka mto. Jioni yake tangi lilikuwa limebaki robo tu. Tangi tupu hujaa hewa yenye unyevu, na usiku wa baridi unyevu huo huwa matone kwenye kuta zake. Isitoshe, mpira wa kifuniko cha tangi ulikuwa umelika, na maji ya mvua yalituama juu yake. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo huzama chini, karibu kabisa na pale bomba linapofyonza.

Mzee alilegeza kizibo kilicho chini ya chujio la kutenganisha maji, akakinga chupa ya soda, akaiweka juu ya jiwe na kuagiza chai. Chai ya Timboroa huchemka kwenye nyuzi kama 91 hivi, na mimi nasisitiza kwamba ladha yake si sawa na ya nyumbani. Tulipomaliza vikombe, chupa ilikuwa na rangi mbili: dizeli ya manjano juu, maji chini, yakijaza zaidi ya nusu.

“Pampu i hai,” akasema. “Inanyweshwa maji tu.”

Tangi liliondolewa maji hadi dizeli safi ikatoka. Chujio jipya lilifungwa, na mpira wa kifuniko ukakatwa kutoka kwa tyubu kuukuu. Taniboi alisukuma pampu ya mkono huku mzee amelegeza skrubu ya kutolea upepo. Povu likatoka, kisha dizeli tupu. Stata ikapigwa. Injini ilitetemeka, ikafuka kijivu, halafu ikatulia. Mzee alinusa kwenye ekzosi kwa muda mrefu kabla ya kudai Sh2,500, chujio likiwemo.

Nilimuuliza kuhusu malori ya kisasa yenye kompyuta. Alicheka. Hayo, alisema, plagi ya waya ikiloa tu yanaweza kukataa kazi, na yeye humpigia simu mjukuu wake mwenye mashine ya kuyapima.

Kijana wa spana hatukumwona tena. Dereva aliiweka ile chupa mbele ya kioo ili akamwonyeshe tajiri sababu ya kuchelewa. Njiani ilitikisika hadi ikawa nyeupe kama maziwa. Tuliposimama Nakuru kujaza tangi, hadi juu safari hii, maji yalikuwa yameanza kuzama chini tena.