Indiketa za Katoro

Shinyanga ilikuwa mji wa baiskeli kabla haijawa mji wa pikipiki. Fundi mmoja ambaye leo ana kibanda cha umeme wa pikipiki Katoro, mkoani Geita, alianzia huko, kwenye dinamo za daladala za baiskeli. Anaikumbuka sakiti nzima: dinamo inasuguana na tairi, waya mmoja unakwenda kwenye taa, na umeme unarudi kupitia fremu yenyewe. Aliyekata kona alinyoosha mkono.

Kisha zikaingia pikipiki za Kichina, SanLG na T-Better, na baadaye Boxer kutoka India. Kanuni za mwaka 2010 zikaruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, Geita ikawa mkoa mwaka 2012, na fundi akafuata dhahabu kama wenzake wengi.

Pikipiki hizo zilikuja na indiketa za balbu, wati 10 kila moja. Njia za machimbo, za Nyarugusu na Rwamagasa, hazikuzihurumia. Mtikisiko ulikata nyuzi za balbu, na pikipiki ikilala chini mara moja tu, plastiki ilipasuka. Wengi hawakununua nyingine. Dereva akarudi kunyoosha mkono, safari hii akiwa na abiria wawili na mfuko wa mawe ya dhahabu, gizani.

Ndipo taa za LED zikafika kwenye maduka ya spea. LED nyekundu ya kwanza yenye mwanga wa kuonekana ilitengenezwa Marekani na Nick Holonyak mwaka 1962. Ile ya buluu, iliyofungua njia ya mwanga mweupe, iliwapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa bodaboda wa Katoro sifa ya LED ni nyepesi zaidi kueleza: haina uzi wa kukatika, na hula wati moja au mbili tu.

Ulaji huo mdogo ndio uliowaletea mafundi kazi mpya. Wateja walifunga LED wenyewe, wakabonyeza swichi, na taa zikapepesa kwa kasi ya ajabu, au zikawaka bila kupepesa kabisa. Flasha ya zamani, kifaa kinachozifanya indiketa zipepese, hupima mzigo. Ikikuta umeme unaopita ni mdogo, hudhani balbu imekufa. Baadhi ya mafundi walitibu kwa kufunga rizista sambamba na kila taa. Rizista ya omu 8 kwenye volti 12 hutoa wati 18 za joto, na ikiegemezwa kwenye plastiki huiyeyusha, tena faida ya kula umeme kidogo inapotea bure. Fundi wa Katoro alihamia kwenye flasha ya kielektroniki isiyojali mzigo, na yuko sahihi.

Fumbo alipendalo zaidi ni jingine. Unawasha kulia, taa zote nne zinapepesa! Pikipiki nyingi zina kitaa kimoja tu cha indiketa kwenye dashibodi, kilichoungwa kati ya waya wa kulia na wa kushoto. Ukiwasha kulia, umeme wake hupita kwenye kitaa na kutafuta ethi, yaani fremu, kupitia balbu za kushoto. Umeme huo mdogo haukuweza kuwasha balbu ya uzi, lakini LED unaitosha. Dawa ni dayodi mbili, ambazo hupitisha umeme upande mmoja tu, moja kutoka kila upande, mistari yake ikielekea kwenye kitaa, na mguu wa pili wa kitaa unapelekwa ethi. Dayodi zenyewe ni za bei ndogo, lakini anayezifunga lazima ajue umeme unaelekea wapi.

Siku hizi vijana wanataka taa za kuwaka muda wote, vipande vya LED ubavuni na usoni, vya kila rangi. Fundi huzifunga. Huchukua umeme baada ya swichi ya ufunguo, kupitia fyuzi yake, ili betri isilale ikinyonywa usiku kucha. Anachokataa ni taa za mapambo zinazopepesa. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka indiketa ipepese mara 60 hadi 120 kwa dakika, na katikati ya disko la buluu na kijani dereva wa lori la nyuma hawezi kuitambua. Kwa wanaosisitiza urembo, anapendekeza LED ya waya tatu: mmoja wa ethi, mmoja wa mwanga mweupe wa kudumu, mmoja wa rangi ya chungwa. Ukiwasha indiketa, weupe hujizima wenyewe, chungwa pekee ikabaki inapepesa.