Siri niliyoifuata kwa Bibi Songea

Daktari aliniuliza swali moja tu: "Kwenu kuna mwenye selimundu?" Nikajibu hapana, bila hata kufikiri. Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, vidole vya mikono na miguu vimevimba, analia kila akiguswa. Majibu ya damu yalikuwa mezani. Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika kuhusu selimundu mara nyingi, lakini kama ugonjwa wa watoto wa watu wengine.

Nilipompigia mama, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Nenda kamuulize bibi yako."

Juni hiyo nikapanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Songea. Bibi nilimkuta nyumbani kwake Lizaboni, amejitanda kanga mbili kwa baridi, anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikakaa kumsaidia. Sikuuliza mpaka jioni ya pili.

Kabla ya mama yangu, Bibi alizaa watoto wawili. Wote walianza vilevile: vidole kuvimba, macho ya njano, kulia usiku kwa maumivu. Hakuna aliyefikisha miaka mitano. Baada ya msiba wa pili, majirani kijijini wakasema amewala mwenyewe. Babu akamtorosha usiku, wakaja kuanza upya mjini. Majina ya watoto wale hayakutajwa tena.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wasomaji. Selimundu hurithiwa. Mwenye kinasaba chake kutoka kwa mzazi mmoja, kwa kawaida haumwi. Lakini baba na mama wote wakiwa nacho, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Yeye na Babu walikuwa nacho. Mimi na mume wangu tunacho.

Bibi akaacha mahindi. "Kwa hiyo si mimi," akasema. Kisha akawataja watoto wake wote wawili kwa majina.

Kesho yake nilipita Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kichwa cha Nduna Songea Mbano bado kinatafutwa. Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo kuomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta. Watu wa Songea wameuliza kwa zaidi ya miaka 100. Sisi nyumbani hatukuwahi kuuliza hata mara moja.

Mwanangu sasa anahudhuria kliniki, anatumia asidi ya foliki na penisilini ya kumkinga na maambukizi. Mdogo wangu anayejiandaa kuoa ameshakwenda kupima na mchumba wake.

Mzazi mwenzangu, ukienda kwenu likizo hii, waulize wazee ni watoto gani walifariki wadogo, na waliumwa nini. Uliza kwa upole. Huenda yupo anayesubiri miaka yote kuambiwa kwamba halikuwa kosa lake.